Tofali la Moto kwenye Miguu Iliyolala

Mwenzangu, sogea karibu. Haya nitakayokwambia siyasemi tena barazani, maana barazani nimeyasema mpaka watu wakiniona naja wanabadilisha mazungumzo. Nakwambia wewe kama ninavyomwambia yule niliyebanana naye kisimani tangu usichana, ambaye najua hatanicheka wala hatanikatiza. Ni habari ya mguu wa binti yangu. Mguu mmoja tu, wa kushoto. Ulivyoharibika, na wanavyosema watu kwamba uliharibika, ni vitu viwili mbalimbali, na kati ya hivyo viwili lipo kaburi la mtu mwingine kabisa. Nitafika huko.

Majina sitataja. Mimi ni mwanamke wa Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Mume wangu fundi bati, anatengeneza ndoo na vibatari. Nimezaa, nimezika, na swala zangu sijaziacha. Kusoma nimejifunza ukubwani, katika darasa la jioni, wakati serikali iliposema kila mtu mzima lazima ajue kusoma na kuandika. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao, na mwalimu wetu kijana anatuita "akina mama" huku anajizuia asicheke. Kwa hiyo ukiona nimekosea kuandika, nivumilie.

Binti yangu huyu ni wa kwanza. Aliolewa Kwihara, kijijini, kwa wakulima wa tumbaku. Ningependa umjue alivyokuwa anatembea. Alikuwa anatoka Kwihara asubuhi na beseni la karanga kichwani, anaingia uani kwangu jua halijachoma, na mimi nikiwa ndani natambua ni yeye kwa kishindo tu. Hatua zake zilikuwa za haraka, nyepesi, kama mtu anayewahi kitu kizuri. Baba yake alikuwa akimtania: "Wewe ungezaliwa zamani ungekuwa mpagazi, ungefika Bagamoyo na kurudi wenzako hawajafunga mizigo." Naye anajibu, "Ningewabeba na wao, baba."

Basi uchungu wa mtoto wake wa kwanza ulimshika kijijini, wakati wa kipupwe. Mumewe alikuwa ameondoka na lori la kijiji kupeleka tumbaku. Aliyekuwa naye ni mama mkwe wake, mwanamke mkubwa kwangu kwa umri, Mnyamwezi wa pale pale, mkunga wa jadi, mtu wa huruma sana. Nasema huruma na ninamaanisha. Usije ukanielewa vibaya mbele ya safari.

Kwetu mzazi hapigi kelele. Anauma upindo wa kanga, anamtaja Mungu, basi. Binti yangu hakupiga kelele. Jua likazama, likachomoza, mtoto hatoki. Yule mkwe wangu, maana ndivyo mimi na yeye tunavyoitana, akamlisha ugali wa mtama na maziwa apate nguvu, akamkanda kiuno, akamgeuza huku na huku. Mwisho akaona mwenyewe kwamba mambo yamemshinda, akaomba trekta la kijiji. Wakamlaza kwenye tela juu ya majani, wakaja naye mjini kwa ile njia ya zamani ya misafara, mashimo matupu, na kila shimo, aliniambia baadaye, alilihesabu kwa meno yake.

Mimi niliwakuta hospitali. Daktari, kijana wa Kitanzania mwenye macho ya mtu asiyelala, akampima na kutuita pembeni.

"Mtoto amekaa vibaya, na njia ni nyembamba. Tumpasue, na tumpasue sasa hivi."

"Mtampa nusu kaputi?" mkwe wangu akauliza. Ndivyo tunavyoita usingizi wa kupasuliwa.

"Hapana. Mashine ya usingizi ni mbovu, tunangoja kipuri. Na hata ingekuwa nzima, huyu amekula. Akitapika amelala, matapishi yataingia mapafuni, tutampoteza. Tutampiga sindano ya mgongo. Kuanzia kifuani kwenda chini hatasikia maumivu. Macho atakuwa nayo wazi, atasikia tunavyoongea."

Mkwe wangu alishika kichwa. "Ya mgongo! Mayu wane, mama yangu! Mnataka kumkata miguu mwanangu? Yule mshona viatu wa sokoni anayejiburuta, si sindano yenu hiyo?"

"Yule alipooza utotoni, mama," alisema sista, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. "Ni ugonjwa. Hata sindano hajaijua."

"Nyinyi lazima mseme hivyo."

Daktari hakukasirika. Alimgeuza sista, akaweka kidole chini kabisa mgongoni mwake, juu ya sare, usawa wa kiuno. "Tazameni. Sindano inaingia hapa, katikati ya pingili. Uti wenyewe umeishia juu. Hapa chini kuna maji, na nyuzi nyembamba za fahamu zinaelea ndani yake. Dawa inaingia kwenye maji, zile nyuzi zinalala. Dawa ikiisha nguvu, zinaamka. Ni kama mguu ulioukalia ukafa ganzi, ila hapa ni sisi tumeupa ganzi kwa makusudi."

"Na hatari yake?" nikauliza. Nilitaka anieleze yote.

"Presha inaweza kushuka, ndiyo maana tunamtundikia maji kwanza. Kichwa kinaweza kumuuma siku kadhaa. Kuna mabaya zaidi, lakini ni nadra sana, mama. Kumwacha alivyo ndiyo hatari yenyewe."

Ikawa nani atie sahihi. Mume hayupo. Mkwe wangu akaficha mikono ndani ya kanga. "Mimi mkono wangu hauwezi jambo hilo."

Nikaenda kwa binti yangu, nikamwinamia. Midomo ilikuwa imekauka kama gome.

"Mama, wafanye," akasema. "Nimechoka."

Nikasema Bismillahi, nikaandika jina langu pale waliponionyesha. Herufi zangu ni kubwa, za mtu wa darasa la jioni. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika jina langu mahali ambapo lilikuwa na kazi.

Yaliyotokea ndani nimeyapata kwake mwenyewe. Walimkalisha kitandani, wakampa mto aukumbatie, sista akamshika mabega na kumwambia ajikunje, "kama unavyojikunja kupuliza moto wa kuni." Akapakwa dawa ya baridi mgongoni. Akasikia kama siafu amemng'ata, kisha msukumo. Halafu, anasema, ni kama mtu amemwagia maji ya uvuguvugu ndani ya mifupa, yakateremka mapajani, magotini, mpaka kwenye nyayo, na kila yalipopita uchungu ukazimika. Aliponisimulia hapo alilia. Alikuwa hajapumzika namna ile tangu uchungu uanze. Walipompasua alijua wanamshika, wanamvuta, kama mtu anayetafuta kitu chini ya gunia la karanga, lakini hakuumia. Akasikia mtoto analia.

"Nilimsikia kabla yenu wote, mama."

Mtoto wa kike, mzima. Nashukuru. Hilo siliachi kulisema hata leo, maana kuna siku nasahau kwamba katika habari hii kuna mtoto aliyezaliwa mzima.

Walipomrudisha wodini alikuwa na furaha ya ajabu, kama amelewa, na yeye hajawahi kuonja pombe. Akaniita. "Mama, hebu nifunulie uangalie. Miguu yangu imo? Isije ikawa imebaki Kwihara."

Wodi nzima ikacheka. Mwanamke wa kitanda cha pili akasema, "Kama imebaki nitumie mimi, yangu imevimba." Nikamshika vidole vya mguu, nikavifinya. Hakujua. Nilikuwa namtazama usoni nikimfinya na uso haukubadilika hata kidogo. Nikajiambia, zimelala tu nyuzi.

Sista akatupa masharti. Alale chali. Asiinue kichwa, asipewe mto, kichwa kisije kikamuuma. Asisimamishwe mpaka miguu iamke. Alituambia ya kichwa, ya kusimama, ya kidonda cha tumbo. Kuhusu moto hakusema neno, wala daktari hakusema. Nadhani haikuwapitia akilini. Wao wamesoma mbali na wanajua ndani ya mgongo, lakini jiko letu la uani hawalijui.

Na sasa nikueleze jiko letu. Mwanamke akizaa kwetu hakai na baridi. Anakandwa kwa maji ya moto, na miguuni anawekewa jiwe au tofali lililopashwa, limeviringwa kwenye nguo, ili damu ishuke na baridi isimwingie mifupani. Na moto wa kukanda haupimwi na anayekanda. Unapimwa na mwenyewe anayekandwa. Unaweka, unamuuliza, "Vipi, unakuunguza?" Akisema bado, unaongeza. Akisema basi, unaacha. Nimekandwa hivyo kwa watoto wangu wote. Mama yangu alikandwa hivyo. Hakuna aliyewahi kuungua, maana hakuna aliyewahi kukosa kusema basi.

Nikarudi nyumbani kumpa baba yake habari njema, kuswali alasiri na kupika uji. Nikamwacha na mkwe wangu. Ningemwacha na nani aliye bora zaidi?

Sasa hii sindano ina jambo lake. Mtu akishatoka kupasuliwa, mara nyingi anatetemeka. Meno yanagongana, kitanda kinatikisika, wala si baridi ya kweli, ni mwili umepoteza hesabu yake ya joto. Hilo sista alikuja kunieleza baadaye. Mkwe wangu aliona nini? Aliona mzazi anatetemeka, upepo wa kipupwe unapita dirishani, miguu imelala kama ya maiti. Akatafuta sista, hayupo, yuko leba na mwingine. Akatoka nje kwenye banda la kupikia la wauguzaji, akachukua nusu ya tofali la kuchoma lililokuwa figa kwenye moto, akaliviringa kwenye kanga. Kanga yenyewe ilikuwa imechakaa. Miaka ile nguo madukani zilikuwa zimeadimika, tulivaa mpaka unaona mkono upande wa pili. Akaliweka chini ya mguu wa kushoto, kati ya kisigino na shavu la mguu.

"Vipi, mwanangu, unakuunguza?"

"Wala, mama. Sisikii kitu."

"Basi bado baridi haijatoka."

Likapoa. Akaenda kulipasha tena. Akarudi, akauliza tena. Binti yangu, na mtoto kifuani, akajibu tena kwa adabu ile ile, "Sisikii kitu, mama, usijisumbue." Na mkwe wangu, kwa huruma yake yote, akaendelea kujisumbua.

Niliingia wodini na kopo la uji. Nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni bandani wanachoma manyoya ya kuku. Binti yangu akanichekea. "Mama, mwangalie anavyonyonya." Harufu ikazidi nilipokaribia kitanda. Nikafunua shuka.

Sitakueleza yote. Ngozi ilikuwa imekuwa nyeupe, na kanga imeganda pale. Nilivuta tofali likaanguka sakafuni, na nilipolishika viganja vyangu vilipata malengelenge. Nikapiga ukelele.

"Kuna nini?" binti yangu akauliza. Alikuwa bado anatabasamu. "Mama, kuna nini huko chini? Mbona unalia?"

Jioni ile miguu ikaanza kuamka kama daktari alivyosema. Kidole gumba cha kulia kikacheza, wanawake wakapiga vigelegele. Goti likakunjika. Halafu wa kushoto ukaamka. Binti yangu, ambaye hakupiga kelele kwenye uchungu wala kwenye tela, alipiga kelele iliyowatoa watu wodi nyingine. Wakaja mlangoni wakamkuta ameushika mguu.

"Ndiye yule wa sindano ya mgongo?" mmoja akauliza.

"Ndiye."

"Si tulisema."

Basi maneno yakaanzia hapo mlangoni, hata mshumaa mmoja haujaisha kuwaka, na sijawahi kuyafikia tena mpaka leo.

Mkwe wangu hakusema uongo. Ninaapa hakusema uongo. Alisema, "Lile tofali lilikuwa vuguvugu tu. Nimelibeba kwa mikono yangu hii." Na kweli alilibeba. Lakini mikono yake ni ya kuepua vyungu bila kitambaa tangu utoto, imekuwa kama kwato. Nilimwambia, "Dada, tofali lilimuunguza." Akanitazama kwa uchungu. "Nilimuuliza, mkwe. Nilimuuliza kila mara. Angeungua angesema."

Daktari alipokuja akasema ni moto. Sista akasema ni moto. Watu wakasema wanajitetea. Mumewe aliporudi na lori, akamkalisha mkewe mbele yetu wote, mimi na baba yake na mama yake mwenyewe, akamuuliza kistaarabu kabisa: "Wewe ndiye mwenye mguu. Sema. Ni tofali au ni sindano?"

Binti yangu nimemlea katika dini. Ushahidi kwake si mchezo. Alimtazama mama mkwe wake, ambaye usiku na mchana ndiye aliyekuwa anamsafisha kidonda na kumwogesha mtoto. Kisha akasema, "Sijui. Mpaka unaamka sikusikia kitu. Nitaapaje kwa kitu ambacho sikukisikia?"

Nikasema, "Mwanangu, mimi nimeliona tofali."

"Ndiyo, mama. Lakini wewe uliliona mwishoni."

Unaona ilivyo? Ganzi ile ile iliyomwokoa ikamnyima ushahidi. Mguu ni wake, maumivu ni yake, na saa ile ulipoharibika yeye hakuwapo.

Kidonda kilichukua muda mrefu kupona, kikatoa usaha, kikanuka. Arobaini ikatimia akiwa kitandani. Kilipofunga, kovu likakaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Kisigino kikapanda juu. Akasimama, akawa anakanyagia ncha za vidole, mwili umeinama upande. Kile kishindo cha haraka uani kwangu kikaisha. Sasa akija, na anakuja mara chache, kwa mkokoteni wa ng'ombe, nasikia fimbo kwanza, halafu mburuto, halafu fimbo. Baba yake akisikia mlio huo anaacha nyundo na kuingia ndani.

Niliwahi kuwa na tumaini. Yule daktari, kabla hajahamishwa, alimwita akaukagua mguu. Akasema unaweza kunyooshwa. Wangelikata kovu, wangeuachia mshipa uliokaza, wangechukua ngozi pajani na kuibandika. Hatakuwa kama zamani lakini atakanyaga chini. Nilitaka kuruka.

"Mtamlazaje?" mkwe wangu akauliza.

Daktari akajua mara moja nini kinakuja. Nilimwona akishusha pumzi. "Kwa operesheni ya mguu, sindano ya mgongo ndiyo salama zaidi."

Ikaishia hapo. Mkwe wangu wa kiume, yaani mume wa binti yangu, akaniambia nje, bila kunivunjia heshima, "Mama, uliwahi kutia sahihi mara moja. Inatosha." Nikamgeukia binti yangu. Nikamwambia, wewe uliisikia ile dawa ikishuka, uliniambia ilikuwa rehema. Wewe unajua.

Alikuwa ameegemea ukuta, mtoto mgongoni. "Najua ilikuwa rehema, mama. Halafu nikaamka hivi. Na nikiupoteza na huu mwingine, huyu nani atambeba?"

Nilimsihi mpaka sauti ikaniisha. Sikumlaumu na simlaumu. Lakini ndiyo siku niliyojua kwamba mguu umekwenda. Tofali liliuunguza, na dawa ya kuurudisha ikawa ndani ya sindano ile ile ambayo wote wanaiogopa kwa sababu ya tofali. Nilirudi Ng'ambo nikaswali, na kwenye sijida nikakosa la kuomba.

Halafu ikaja siku yule sista alipoalikwa darasani kwetu, jioni, kutufundisha afya ya uzazi. Nikainua mkono kama mtoto. "Sista, tueleze sindano ya mgongo." Akachora ubaoni pingili za mgongo, moja juu ya nyingine, mfano wa vibobini vya cherehani vilivyopangwa. Akaeleza kwamba ziko namna mbili. Moja inafika kwenye yale maji yenyewe, dawa kidogo, ganzi inakuja haraka na baada ya saa kadhaa inakwisha. Ndiyo aliyopigwa mwanangu. Nyingine haifiki kwenye maji, inaishia nje ya utando unaoyafunika, na hapo wanaacha kijimrija chembamba kama uzi mnene, wanaongeza dawa kidogo kidogo, hata mwanamke aliye kwenye uchungu wa kawaida anapunguziwa maumivu huku anangoja mwanawe. "Hiyo ya mrija hapa kwetu hatuna," akasema. "Inataka mtu wa kumkalia mgonjwa muda wote."

"Yaani mtu anazaa haumwi?" mmoja akauliza.

"Inapunguza sana."

"Hee! Basi na mume naye apigwe, tusimsikie."

Tukacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Kisha mwanamke wa nyuma, ambaye simtaji, akasema taratibu, "Sasa kama zinalala na kuamka, mbona mtoto wa mwenzetu hapa ni kilema?"

Nikasimama nikasema: ni tofali. Mtu aliyepigwa ganzi hajui moto. Ukimuuliza atasema hasikii kitu, na atakuwa anasema kweli, na atakuwa anaungua. Nilisema wazi kama ninavyokuandikia wewe. Sista akasema, "Ni kweli kabisa." Yule mwanamke akajibu, "Wewe lazima uitetee. Si wewe uliyetia sahihi? Tunajifunza kuandika ili tuandike vilema vya watoto wetu." Wengine wakaguna. Hawakuguna kwa ubaya. Waliguna kama watu wanaomhurumia mtu asiyetaka kukubali.

Kwenye darasa lile alikuwapo mke mdogo wa fundi cherehani wa mtaani kwetu, mimba changa. Alikuwa anakaa dawati la mbele yangu, anaandika herufi nzuri kuliko zote. Zamu yake ilipofika, akapelekwa hospitali ile ile, akaambiwa kupasuliwa, akaambiwa sindano. Nilisikia nikakimbia. Nilimkuta ameshikilia chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Mwanangu, kubali," nikamwambia. "Nitakaa miguuni kwako mwenyewe. Hakuna mtu atakayekuletea hata kikombe cha chai ya moto."

"Shikamoo mama," akanijibu, katikati ya uchungu akanipa shikamoo. "Nisamehe. Nimemwona mwanao anavyotembea."

Mama yake akanishika bega akanitoa nje. Mashine ya usingizi ilikuwa bado inangoja kipuri. Tulimzika kesho yake na mtoto wake tumboni, tukiwa watu wengi. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Kwenye matanga mkwe wangu alikuja kutoka Kwihara kwa miguu, mzee yule, na kikapu cha mchele kichwani, maana ni mtu wa watu. Akakaa kwenye mkeka kati ya wanawake, akafuta machozi kwa kanga. Akasema, na alisema kwa kufariji, "Angalau huyu amekwenda kwa Mola wake na miguu yake mizima."

Na wanawake wakaitikia, "Kweli."

Nilikuwa nimekaa mbele yake. Nilifungua mdomo. Mwenzangu, nilichoka. Kila nililokuwa nalo nilikwishalisema, kwa kila mtu aliyekuwa pale, na maneno yangu yalikuwa yamepita kwao kama lile tofali lilivyopita kwenye mguu uliolala. Nikainuka nikaenda kuosha vyombo.

Simchukii. Ukimtafuta ni nani utakuwa umenikosea, ndiyo maana sikutaja jina hata moja. Alifanya kwa mapenzi yale yale ambayo mama yako alikufanyia wewe. Sina tumaini kwa mguu wa binti yangu, na waliozikwa wamezikwa. Mtaani kwangu hawanisikii, kwa sababu nina mtoto kilema na sahihi yangu ipo.

Lakini wewe hawakujui. Wewe huna mtoto kilema wa kukufanya uonekane unajitetea. Kwa hiyo nakuomba. Popote ulipo, ukiwa na dada, na wifi, na jirani aliye mjamzito, mwambie kabla siku zake hazijatimia, na mwambie pia yule atakayekwenda kumuuguza: sindano ya mgongo inalaza miguu, na miguu inaamka. Ikiwa imelala msiiwekee moto, wala tofali, wala chupa ya maji ya moto. Akitetemeka mfunikeni blanketi, mmwite sista. Na msimuulize kama anaungua, kwa maana hajui. Akishaelewa, mwombe naye amwambie mwingine. Usiseme umeambiwa na nani. Sema tu.